Mstatili wa Penseli

Nimeubandika ukutani,
upana wa kitanda cha watu wawili,
mchoro wa mifumo yetu yote ya hapa Wete:
mistatili, mishale, namba za leseni,
na wino mwekundu pale pesa zinapovuja.

Kamati imekaa. Chai ya tangawizi, mikate ya ajemi.
Bwana Asaa Makame ameleta ombi,
milioni mia na themanini,
mfumo mpya wa kuwasajili wauza karafuu.
Karatasi zake zina picha nzuri,
watu wanaichekea kompyuta,
hata mmoja hafanani na mtu wa Mtambwe.

Nikamwambia: kwanza njoo nikuoneshe Mgeni.

Mgeni binti Faki.
Kwenye spitali ni Mgeni Faki.
Kwenye maji, Mjeni Fakih.
Kwenye ardhi, M. F. Hamad.
Kwenye mikopo ni Mgeni tena,
ila huko kazaliwa miaka kumi baadaye,
basi kwenye pencheni ya wazee hayumo:
mikopo imesema bado kijana.
Mtu mmoja, tumeshamnunua mara nne.
Wewe wataka kumnunua ya tano.

Watu wakacheka. Asaa hakucheka.
"Sasa tusinunue kitu? Turudi kwenye madaftari?"

Sivyo, kaka yangu. Nunua.
Lakini kabla kalamu haijagusa karatasi
nambie: kitakaa wapi?
Kitasema na nani?
Na siku ya pili ya harusi, wageni wakishaondoka,
nani ataosha masufuria?

Stoo ya chini imo seva ndani ya nailoni yake,
mwaka wa nne huu.
Dhamana ilikufa kabla haijawashwa.
Ilinunuliwa Juni, Juni ile ya kila mwaka,
fungu lisije likarudi Hazina.

Nilipokuwa nasoma Unguja nilipanga Mkunazini,
nyumba ya watu kuongeza chumba juu ya chumba.
Kila mmoja alilitazama paa lake.
Hakuna aliyeshuka kuuliza boriti za chini ni za nani,
zinabeba nini, zimeliwa wapi.
Masika moja ukuta ukajibu.

Ndiyo kazi yangu, waheshimiwa.
Jina lake refu, usanifu;
maana yake kushuka chini na tochi.

Bikombo wa fedha akavua miwani.
"Na huu hapa? Umeuruka."
Kidole chake kimetua pembeni,
kwenye mstatili wa penseli.

Ule ni wangu.
Niliuandika mwenyewe, usiku kwa usiku,
kompyuta ya kuazima, mtoto mgongoni,
mfumo wa chanjo za watoto wa skuli.
Hapana mwengine ajuaye kuutengeneza,
na nikisema kweli, hilo lilikuwa likinipendeza.
Kazi yake ndiyo ileile ya mfumo wa spitali,
ila wa spitali unaifanya vizuri zaidi.
Kila mwaka unakula milioni sita
nami naziandika "matengenezo".

Ya wenzangu niliipigia wino mwekundu.

Kimya. Kipande cha ajemi kinakauka sahanini.
Nikaomba kalamu. Asaa ndiye aliyenipa,
na wala hakunitazama usoni, Mungu amjaze kheri.

Ombi lake halikukataliwa, wala halikupita.
Akaonane na watu wa spitali,
arudi Jumanne
na jina moja la Mgeni.

Jioni nikaingia chumba cha mitambo.
Nikahamisha majina, elfu kumi na moja na ushei,
nikayahesabu mara mbili
kama mtu asiyemuamini mpima karafuu.
Kisha nikabonyeza.

Feni yake ndogo ilichukua muda kusimama.
Iliposimama
nikasikia, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa,
kwamba nyuma ya ukuta ule
pana bomba linadondoka.